Heda za HTTP na upakiaji wa faili kubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wasanidi wanaopokea au kutuma faili kubwa kupitia HTTP: video, nakala rudufu za hifadhidata, kumbukumbu za seva na kadhalika. Mifano mingi ni ya HTTP/1.1 kwa sababu inasomeka kwa macho. Pale HTTP/2 inapobadilisha mambo, imesemwa.

## Heda zinaingiaje kwenye habari ya faili kubwa? Si mzigo wote uko kwenye mwili wa ombi?

Mzigo uko kwenye mwili, ndiyo, ila heda, yaani mistari ya maelezo kuhusu ombi, hutangulia. Seva ikimaliza kusoma heda huwa bado haijahitaji kugusa hata baiti moja ya faili, lakini tayari inajua nani anatuma (`Authorization`), anatuma nini (`Content-Type`), kiasi gani (`Content-Length`), anaanzia wapi (`Upload-Offset` au `Content-Range`) na kama anakubali kufuta kilichopo (`If-Match`). Kwa ombi la KB 2 mpangilio huu hauna uzito: pokea kila kitu, uamue baadaye. Kwa ombi la GB 4, kuamua baadaye ni kupoteza mtandao wa mtumiaji na diski yako kwa ajili ya kitu ambacho ungekikataa kwa kusoma mistari miwili.

Kwa hiyo majibu mengi hapa chini yana msimamo mmoja. Chochote kinachoweza kukataliwa kwa kusoma heda kikataliwe kabla mwili haujasafiri. Na chochote kilichosemwa na heda kihakikiwe baiti zikishaanza kuingia, maana heda ni madai ya mtumaji, na mtumaji anaweza kukosea au kudanganya.

## Seva inajuaje ukubwa wa faili kabla haijafika?

Kwa `Content-Length`. Thamani yake ni idadi ya baiti za mwili, si idadi ya herufi. Tofauti hiyo huwakamata watu wanaounda ombi kwa mkono: herufi kama "é" ina baiti 2 katika UTF-8, na emoji nyingi zina 4. Ukihesabu herufi utatangaza namba ndogo kuliko mwili wenyewe, na seva itakata maandishi yako mwishoni. Ukitangaza namba kubwa kuliko mwili, seva itakaa inasubiri baiti ambazo hazitakuja hadi muda uishe.

Seva ikiona namba imezidi kikomo hujibu 413. Jina la msimbo huu limebadilika mara kadhaa. Tangu RFC 9110 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) ya Juni 2022 unaitwa Content Too Large, ila kwenye kumbukumbu za seva za zamani utakuta Request Entity Too Large, na kati yao kulikuwa na Payload Too Large. Ni kitu kilekile. Seva isiyotaka kabisa kupokea mwili usiotangazwa ukubwa inaweza kujibu 411, Length Required.

Jambo moja dogo linalozua malalamiko mengi: kama unatumia fomu ya `multipart/form-data`, `Content-Length` ni ya mwili mzima, yaani faili pamoja na mistari ya mipaka na sehemu nyingine za fomu. Faili yenye MB 10 kamili haipiti kwenye kikomo cha MB 10. Weka kikomo cha seva juu kidogo ya kile unachomwambia mtumiaji.

## Je, niamini Content-Length?

Iamini pale inapokupa sababu ya kukataa. Pale inapokupa sababu ya kukubali, usiiamini. Mtu akisema mwenyewe kwamba analeta GB 50, mkatalie papo hapo. Akisema analeta MB 3, endelea kuhesabu baiti zinavyoingia na usimame zikivuka kikomo chako.

Katika Go kuna `http.MaxBytesReader` kwa kazi hiyo. Katika lugha nyingine utaandika kihesabio chako mwenyewe, na ni mistari michache. Usitenge RAM kulingana na namba iliyotangazwa. Anayetuma heda ya uongo asiweze kukufanya uhifadhi nafasi ya GB 50 bila kutuma baiti hata moja.

## Nikiwa sijui ukubwa mapema nifanyeje?

Hali hii hutokea unapotuma kitu kinachozalishwa papo kwa papo, kwa mfano nakala ya hifadhidata inayobanwa huku inatumwa. Katika HTTP/1.1 unatumia `Transfer-Encoding: chunked`. Mwili unakatwa vipande, kila kimoja kikitanguliwa na ukubwa wake:

```
PUT /nakala/leo.sql.gz HTTP/1.1
Host: hifadhi.example
Content-Type: application/gzip
Transfer-Encoding: chunked

10000
...baiti 65536 za data...
3e8
...baiti 1000 za data...
0

```

Angalia kipande cha kwanza. `10000` hapo si elfu kumi: ukubwa huandikwa kwa msingi wa kumi na sita, kwa hiyo ni 65,536. Kipande chenye ukubwa wa sifuri ndicho ishara kwamba mwili umekwisha. Kikikosekana, seva inajua kwamba muunganisho ulikatika katikati.

Hasara yake ni kwamba seva haina namba ya kukataa nayo mwanzoni, na mtumiaji haoni asilimia. Kama ukubwa unaujua, utangaze. Sioni sababu ya kutumia chunked kwa faili ambayo tayari iko kwenye diski.

HTTP/2 na HTTP/3 hazina kitu hiki kabisa. Zina fremu zao za data zenye urefu wake, na `Transfer-Encoding` imepigwa marufuku humo. Unaweza kuacha `Content-Length` na mtiririko utaisha kwa alama ya fremu ya mwisho.

## Nikiweka Content-Length na Transfer-Encoding pamoja?

Usiweke. Kwa kanuni, `Transfer-Encoding` ndiyo inayoshinda, na seva ina ruhusa ya kulikataa ombi la namna hiyo. Hatari inakuja pale proksi ya mbele (seva ya kati inayopokea maombi na kuyapeleka nyuma) inapofuata heda moja na seva ya nyuma ikafuata nyingine: hazikubaliani ombi linaishia wapi, na mshambulizi anapenyeza ombi la pili ndani ya mwili wa la kwanza. Shambulio hili lilielezwa hadharani mwaka 2005, na mtafiti wa usalama James Kettle akalifufua mwaka 2019 kwa mbinu mpya zilizofanya kazi dhidi ya tovuti kubwa. Jibu 400, funga muunganisho.

## Expect: 100-continue inafanya nini hasa?

Hii ndiyo heda iliyobuniwa mahsusi kwa tatizo letu, na ajabu ni kwamba wasanidi wengi huijua tu kwa sababu iliwahi kuwachelewesha. Mteja anatuma heda peke yake, anasimama, na kuuliza: nilete au nisilete?

```
PUT /video/mahojiano.mp4 HTTP/1.1
Host: hifadhi.example
Authorization: Bearer 7f3c...
Content-Type: video/mp4
Content-Length: 2147483648
Expect: 100-continue

```

Baada ya mstari mtupu hakuna kitu bado. Seva ikiridhika inajibu `HTTP/1.1 100 Continue`, na mwili wa GB 2 unaanza kutiririka. Isiporidhika inatoa jibu la mwisho palepale: 401 kama tokeni (msimbo wa utambulisho ulio kwenye `Authorization`) ni batili, 403 kama huyu haruhusiwi hapo, 413 kama ni kubwa mno, 415 kama aina ya faili haikubaliki. Pande zote mbili zimetumia baiti mia chache tu.

Jibu la 100 lilikuja na HTTP/1.1 mwaka 1997, na heda ya `Expect` ikafuata katika RFC 2616 ya mwaka 1999. Kwa kuwa kulikuwa na seva za zamani zisizoujua, mteja haruhusiwi kusubiri milele. Programu ya curl husubiri sekunde moja, na isipojibiwa hutuma mwili hivyohivyo. Ndiyo asili ya ile sekunde moja ya ajabu inayoonekana kila unapopakia kwenye seva fulani. curl huongeza heda hii yenyewe mwili unapozidi MB 1 kwenye HTTP/1.1. Ukitaka iondoke, tumia `-H "Expect:"`. Seva isiyoweza kutimiza matarajio hayo hujibu 417, na mteja mwenye akili hurudia ombi bila heda hiyo.

Upande wa seva, chunguza nani anayejibu 100. Katika Go, jibu la 100 hutumwa pale kodi yako inapoanza kusoma mwili kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo ukikagua tokeni na ukubwa kabla ya kusoma, kila kitu kinakaa sawa bila kazi ya ziada. Katika Node.js hutumwa kiotomatiki, isipokuwa usikilize tukio la `checkContinue`. Na nginx, seva ya wavuti inayotumiwa sana kama proksi, ikiwa mbele, hujibu 100 yenyewe ikishapima ukubwa, halafu kwa kawaida hupokea mwili wote kabla ya kuupeleka nyuma. Yaani programu yako nzuri inayokagua tokeni mapema itaulizwa faili ikiwa imeshafika. Dawa ni kuhamishia ukaguzi huo nginx kwa `auth_request`, au kuzima uhifadhi wa kati kwa `proxy_request_buffering off`.

## Kwa nini kivinjari kinasema muunganisho umekatwa badala ya kuonyesha 413?

Kwa sababu kivinjari hakitumii `Expect`. Kinatuma heda na kuanza kusukuma mwili papo hapo. Seva inasoma heda, inaandika 413 na kufunga soketi huku baiti zikiendelea kuingia. Mfumo wa uendeshaji ukiona soketi imefungwa na bado kuna data isiyosomwa, hutuma RST ya TCP, yaani ishara ya kukata muunganisho ghafla. RST ikimfikia mteja kabla hajasoma jibu, jibu linapotea na Chrome inaonyesha `ERR_CONNECTION_RESET`. Mtumiaji anadhani mtandao wake ni mbovu, anajaribu tena, na tena.

Tiba ya HTTP/1.1 ni seva kuandika jibu, kufunga upande wake wa kutuma, kisha kuendelea kusoma na kutupa baiti kwa muda kidogo. nginx hufanya hivyo: `lingering_close` imewashwa tangu mwanzo, na `lingering_time` ni sekunde 30. Kwenye HTTP/2 mambo ni safi zaidi, kwani seva inaweza kutoa jibu kamili kisha kumwambia mteja aache kutuma mtiririko huo mmoja, bila kuua muunganisho mzima.

Lakini tiba ya kweli iko kwenye ukurasa wako. JavaScript inajua `file.size` kabla ya kutuma chochote. Mwambie mtumiaji hapohapo.

## Nimeongeza kikomo, bado napata 413. Nimekosea wapi?

Huenda umeongeza kimoja kati ya vitatu. Ombi hupita milango kadhaa na kila mlango una kipimo chake. nginx ina `client_max_body_size`, na bila kuigusa ni MB 1 tu. PHP ina `upload_max_filesize`, MB 2 kwa kawaida, na `post_max_size`, MB 8. Ukitumia Cloudflare (huduma ya proksi inayokaa mbele ya seva yako) kwenye mpango wa bure, kuna kikomo cha MB 100 kwa ombi moja ambacho huwezi kukibadilisha kutoka kwenye seva yako.

Kujua nani amekataa, soma mwili wa jibu la 413 na heda ya `Server`. Ukurasa mweupe wenye jina la nginx chini ni wa nginx. PHP ndiyo yenye hila: mwili ukizidi `post_max_size` haitoi 413, bali programu yako inaendeshwa huku `$_POST` na `$_FILES` zikiwa tupu. Fomu inaonekana kama imetumwa bila kitu. Ukiona malalamiko ya "nimejaza kila kitu, inasema sijajaza", anzia hapo: linganisha `Content-Length` ya ombi na kikomo chako, kisha utoe ujumbe unaoeleweka.

## Nitumie multipart/form-data au nitume baiti tupu?

Fomu ya HTML yenye faili hutumia multipart, utaratibu uliopendekezwa na Nebel na Masinter wa Xerox mwaka 1995 katika RFC 1867. Unafaa pale faili inapoandamana na maelezo mengine. Kwa faili moja kubwa inayotumwa na programu, napendelea PUT yenye baiti tupu na `Content-Type` ya faili yenyewe. `Content-Length` inakuwa sawa kabisa na ukubwa wa faili, seva haina haja ya kutafuta mipaka ndani ya GB kadhaa, na kuendeleza upakiaji uliokatika kunakuwa rahisi.

Usiweke faili kwenye JSON kwa base64. Inanenepa kwa theluthi moja, na vichanganuzi vingi vya JSON vitataka kuiweka yote kwenye RAM.

Jina la faili lisichukuliwe kama njia ya diski, liwe limetoka kwenye `Content-Disposition` au penginepo. Mtu atatuma `../../` siku moja.

## Mtandao umekatika faili ikiwa imefika 90%. Lazima kuanza upya?

Kwa PUT au POST ya kawaida, ndiyo. Ndiyo maana kwa chochote kinachozidi MB mia chache, au kinachotoka kwenye simu, ningeshauri uanze moja kwa moja na upakiaji unaoweza kuendelezwa. Itifaki iliyo wazi na yenye maktaba nyingi ni tus, toleo 1.0.0. Wazo lake zima limebebwa na heda mbili: `Upload-Length`, ukubwa wa jumla, na `Upload-Offset`, idadi ya baiti ambazo seva inakiri kuwa nazo.

Mteja huanza kwa POST yenye `Upload-Length: 734003200`, yaani MB 700, bila mwili. Seva hujibu 201 na heda ya `Location` yenye anwani ya upakiaji huo. Baiti hutumwa kwa PATCH kwenye anwani hiyo. Sasa mtandao umekatika. Ukirudi, mteja anauliza kwanza:

```
HEAD /faili/a81f HTTP/1.1
Host: hifadhi.example
Tus-Resumable: 1.0.0
```

Seva inajibu:

```
HTTP/1.1 200 OK
Tus-Resumable: 1.0.0
Upload-Offset: 660602880
Upload-Length: 734003200
Cache-Control: no-store
```

Imepokea MB 630. Mteja anaruka hadi baiti hiyo kwenye faili lake na kuendelea:

```
PATCH /faili/a81f HTTP/1.1
Host: hifadhi.example
Tus-Resumable: 1.0.0
Content-Type: application/offset+octet-stream
Upload-Offset: 660602880
Content-Length: 73400320

...MB 70 zilizobaki...
```

Mwisho mwema ni 204 yenye `Upload-Offset: 734003200`.

Kinachopaswa kukaa kichwani ni nani mwenye hesabu. Mteja anaweza kuwa amesukuma MB 650 kwenye soketi yake, lakini MB 20 kati ya hizo zilibaki kwenye bafa za njiani na hazikufika. Kihesabio cha mteja, pamoja na ile alama ya asilimia inayoonekana kwenye skrini, huhesabu kilichotoka. Seva huhesabu kilichohifadhiwa. Wanapotofautiana, seva ndiyo yenye haki, na mteja akituma `Upload-Offset` isiyolingana anajibiwa 409 bila kuandikwa chochote. Ukiandika seva yako mwenyewe, usilegeze hapo. Seva inayokubali kipande chenye nafasi isiyo sahihi "ili mambo yaende" huzalisha faili mbovu ambazo hakuna atakayezigundua hadi siku ya kuzifungua.

`Cache-Control: no-store` kwenye jibu la HEAD pia si pambo. Kashe ya njiani ikimpa mteja namba ya jana, ataendelea kutoka mahali pasipo sahihi.

## Siwezi kutumia tu Content-Range kwenye PUT?

Inategemea seva imekubali nini. Google Cloud Storage hufanya hivyo: unatuma `Content-Range: bytes 0-524287/2000000`, unajibiwa 308 pamoja na heda ya `Range` inayoonyesha kilichohifadhiwa. Ukikatika unauliza kwa PUT tupu yenye `Content-Range: bytes */2000000`. Vipande, isipokuwa cha mwisho, lazima viwe vizidisho vya KB 256.

Kwenye seva ya kawaida ni hatari. RFC 7231 ya mwaka 2014 ilitaka PUT yenye `Content-Range` ijibiwe 400. RFC 9110 imelegeza, ikisema inaweza kutumika pale mteja anapojua kwa hakika kwamba seva inaielewa. Seva isiyoielewa itaipuuza heda na kufanya kile PUT inachofanya siku zote: kuweka kipande chako mahali pa faili nzima.

## Hakuna kiwango rasmi cha kuendeleza upakiaji?

IETF, shirika linaloandika kanuni za intaneti, inaandaa kimoja, na mawazo mengi yametoka tus. Rasimu yake inabakisha `Upload-Offset`, inaongeza `Upload-Complete` (thamani ni `?1` kwa ndiyo na `?0` kwa hapana), na inaleta jibu la awali la 104 ambalo seva hulituma kusema "nikikatika, utanikuta kwenye anwani hii". Uzuri ni kwamba ombi la kawaida linaweza kugeuka kuwa la kuendelezwa bila POST ya maandalizi.

## Vipande viwe vya ukubwa gani?

Kama huduma imeweka sheria, fuata. Amazon S3, huduma ya kuhifadhi faili, hukubali hadi GB 5 kwa PUT moja. Kwa upakiaji wa sehemu nyingi, kila sehemu isipungue MB 5 isipokuwa ya mwisho, na zisizidi 10,000. Piga hesabu: sehemu za MB 5 zinakufikisha kama GB 50 na hapo umegota. Faili ya GB 200 inataka sehemu za zaidi ya MB 20.

Kama uko huru, kati ya MB 8 na 32 huwa panafaa. Kipande kidogo kinapoteza kidogo kikikatika, ila kila kipande ni ombi jipya lenye heda zake na safari ya kwenda na kurudi. Na kwa tus huhitaji kukata vipande hata kidogo, isipokuwa kama kuna proksi njiani yenye kikomo, kama ile ya MB 100 tuliyoitaja.

## Nitathibitishaje kwamba faili imefika bila kuharibika?

Ukubwa kulingana si ushahidi. Tuma heshi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye baiti zote. RFC 9530 ya mwaka 2024 inatoa heda mbili: `Content-Digest` ni heshi ya mwili wa ujumbe huu, na `Repr-Digest` ni heshi ya faili nzima. Kwenye upakiaji wa vipande zinatofautiana, na zote mbili zina kazi: ya kwanza inakamata kipande kibovu mapema, ya pili inathibitisha kwamba vipande vimeungwa kwa mpangilio sahihi. Muundo wake ni huu:

```
Content-Digest: sha-256=:<heshi kwa base64>:
```

Nukta mbili za pande zote mbili ni sehemu ya muundo, usizisahau. `Content-MD5` ya zamani iliondolewa kwenye kanuni za HTTP mwaka 2014, ingawa S3 bado inaipokea. Katika tus kuna `Upload-Checksum`, na kipande kisicholingana hujibiwa 460.

Tatizo la utekelezaji: heda hutangulia mwili, kwa hiyo mteja lazima aisome faili yote kuipigia heshi kabla ya kutuma. Kwa vipande vya MB 16 hiyo si kazi. Kwa faili ya GB 40 nzima ni kusubiri kunakoonekana, na ndiyo sababu nyingine ya kukata vipande.

## Nibane faili kwa gzip kabla ya kutuma?

Maandishi, CSV, nakala za SQL: ndiyo, na uweke `Content-Encoding: gzip` ikiwa seva imesema inaikubali. Seva isiyoikubali hujibu 415 na inaweza kutaja inachokubali kwa `Accept-Encoding`. Video, JPEG na ZIP zimeshabanwa, utachosha processor bure. Seva inayofungua gzip lazima ihesabu baiti zinazotoka pia, kwa sababu MB chache zinaweza kufunguka na kuwa GB kadhaa.

## Watu wawili wakipakia kwenye anwani moja?

Anayemaliza mwisho anamfuta mwenzake, isipokuwa uzuie. `If-None-Match: *` inasema "andika tu kama hakuna kitu hapo". `If-Match` yenye ETag (alama ya toleo la faili inayotolewa na seva) inasema "andika tu kama kilichopo ni kile nilichokiona". Sharti lisipotimia, jibu ni 412. Seva inaweza kulazimisha masharti haya kwa kujibu 428 yasipokuwepo.

## Tokeni ikiisha muda upakiaji ukiwa katikati?

`Authorization` hukaguliwa ombi linapoanza. Ombi moja refu kwa kawaida litamalizika hata tokeni ikifa njiani. Kipande kinachofuata ndicho kitakachopata 401. Mteja apate tokeni mpya, aulize nafasi, aendelee. Anwani za S3 zilizosainiwa huenda vilevile: upakiaji ulioanza kabla ya muda kuisha unaendelea, ila ukikatika baada ya hapo anwani hiyo haifunguki tena.

## JavaScript inakataa kuweka baadhi ya heda. Kwa nini?

`Content-Length`, `Transfer-Encoding`, `Expect` na `Host` ni mali ya kivinjari. Kodi yako hairuhusiwi kuzigusa. `Upload-Offset` na `Content-Range` unaruhusiwa, ila zikienda kwenye kikoa kingine kivinjari kitatanguliza ombi la OPTIONS, na seva lazima izitaje kwenye `Access-Control-Allow-Headers`.

Upande wa pili husahauliwa zaidi. Seva inarudisha `Location` na `Upload-Offset`, unaziona kwenye zana za msanidi, lakini kodi inasoma `null`. Zitaje kwenye `Access-Control-Expose-Headers`. Na weka `Access-Control-Max-Age`, la sivyo vipande vingi vitasindikizwa na OPTIONS nyingi.

## Mtumiaji mwenye mtandao wa polepole atakatwa na muda wa seva?

Si lazima. `client_body_timeout` ya nginx, sekunde 60, hupima ukimya kati ya kusoma mara moja na nyingine, si muda wa ombi zima. Anayetiririsha taratibu kwa saa mbili yuko salama. Kwingine baadhi ya seva na proksi hupima jumla. Hao ndio wanaokata, na vipande vidogo ndiyo njia ya kuwakwepa. Ukimkataa mtu kwa sababu umezidiwa, jibu 503 au 429 na uongeze `Retry-After`, ili vifaa mia visirudi kwa pamoja sekunde inayofuata.

## Nijaribuje haya yote bila kuandika programu?

curl inatosha. `curl -v -T kubwa.bin https://hifadhi.example/jaribio` itaonyesha heda zinazotoka kwa alama ya `>` na zinazorudi kwa `<`, pamoja na 100 ikija. Ongeza `--limit-rate 200k` uige mtandao mwembamba, kisha ubonyeze Ctrl+C katikati na utume HEAD kwa `curl -I` uone seva inakiri baiti ngapi. Jaribu pia tokeni batili na faili ya GB 1: kama curl imeanza kutuma baiti za faili kabla ya kupokea 401, huenda ukaguzi wako umekaa nyuma ya proksi inayokusanya mwili kwanza.